Kufungua Dramu

Anayetaka kurekebisha breki za gari la zamani hapa Hounslow, magharibi mwa London, inambidi kwanza ajue ndege zinatua njia ipi. Upepo ukivuma kutoka magharibi, kama unavyovuma siku nyingi za mwaka, ndege zinazoshuka Heathrow hupita juu ya mapaa yetu zikiifuata mojawapo ya njia mbili za uwanja. Ikifika saa tisa alasiri huhamishiwa njia ya pili, ili wakazi wa upande mmoja wapumue, na wiki inayofuata zamu hugeuka. Mimi huitazama ratiba hiyo kabla sijashika spana, kwa sababu breki za dramu hurekebishwa kwa masikio. Unazungusha gurudumu kwa mkono, unakaza kidogo, unazungusha tena, unaisikiliza ile sauti nyembamba ya lainingi inapoanza kugusa chuma. Ndege kubwa ikipita hapo katikati, kazi husimama mpaka ngurumo itokomee.

Gari lenyewe ni Morris Minor 1000, jamii ya yale yaliyobuniwa na Alec Issigonis na kuoneshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Yalitengenezwa zaidi ya milioni moja, na mengine yakavuka bahari mpaka kwetu. Wazee wa Nairobi, Tanga na Kampala bado wanaukumbuka uso wake wa mviringo. Halina kompyuta wala kengele ya kukuonya. Lina magurudumu manne, na ndani ya kila gurudumu mna bakuli la chuma cha kusubu lililofunikwa, linalozunguka na tairi: ndiyo dramu. Ndani ya bakuli hilo mna shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, zimebandikwa lainingi, tabaka la msuguano, mgongoni, zinangoja.

Ukikanyaga pedali, mafuta husukumwa kutoka kwenye masta silinda, yakapita kwenye mabomba membamba hadi silinda ndogo za magurudumuni, nazo zikazisukuma shuu nje ziubane ukuta wa dramu. Ukiachia, springi huzirudisha. Mpaka hapo ni jambo jepesi. Uzuri wake uko katika kitu ambacho macho hayakioni. Shuu iliyowekwa ili mzunguko wa dramu uivute kuelekea ilikobanwa haing'ang'anii kwa nguvu ya mguu wako peke yake. Gurudumu lenyewe huikokota ndani, likaongeza nguvu ya kujizuia. Mwendo unasaidia kuuzima mwendo. Waliolitengeneza Minor waliweka silinda mbili katika kila gurudumu la mbele, ili shuu zote mbili zipate msaada huo gari likienda mbele. Gharama yake utaiona siku unarudi nyuma kwenye mteremko: shuu zile zile sasa zinasukumwa mbali na dramu, na mguu wako unafanya kazi maradufu. Nyuma waliacha shuu moja ya kila namna, basi huko breki hushika vya kutosha kwa pande zote mbili. Sijui mpango mwingine katika gari hilo uliofikiriwa kwa uangalifu zaidi, na uliwekwa mahali ambapo mnunuzi asingeuona kamwe.

Hilo la kutoonekana ndilo linalonishughulisha. Breki za diski za magari ya leo unaweza kuziona ukiinama tu na tochi: diski ile pale, pedi zile pale, unene unaukadiria. Dramu haikuonyeshi kitu. Lainingi inaweza kuwa mpya au imebaki nyembamba kama karatasi, na kwa nje gurudumu ni lile lile. Silinda inaweza kuwa kavu, au imeanza kuvuja tone moja kwa wiki, mafuta yakiilowesha lainingi kimyakimya. Dereva atapata habari kupitia mguuni, na mara nyingi habari hiyo hufika wakati ambapo ilipaswa kuwa imeshafika zamani. Hakuna njia ya mkato. Piga jeki, weka stendi, toa tairi, fungua zile skrubu mbili, gonga dramu taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka iachie, ndipo uone.

Na nani atakulazimisha uifungue? Uingereza ilipoanzisha ukaguzi wa lazima wa magari mwaka 1960, kwa magari yaliyotimiza miaka kumi, mambo yaliyopimwa yalikuwa machache, na breki ilikuwa mojawapo pamoja na taa na usukani. Tangu Mei 2018 gari lililopita miaka arobaini, mradi halikubadilishwa sana, halilazimiki tena kukaguliwa. Halilipiwi kodi ya barabara. Hata ile tozo ya hewa chafu ya London, iliyotandazwa katika wilaya zote za jiji mwezi Agosti 2023 na kuwatoa watu wengi wa mtaani kwangu kwenye magari yao ya dizeli, haiwahusu wenye magari ya kihistoria. Serikali imeangalia chombo cha robo tatu ya tani, chenye breki za zama zilizopita, ikasema: mwenyewe atajua.

Naipeleka Morris ikakaguliwe hata hivyo, kwa hiari. Lakini nimesimama kando ya mashine ile ya magurudumu ya chuma inayopima nguvu ya breki, nikaona mpaka wake. Mashine inajua gurudumu hili limeshika kiasi gani leo. Haijui lainingi imebaki kiasi gani, kwa maana mkaguzi haruhusiwi kufungua kitu. Cheti kinaweza kuwa safi na shuu zikawa zimebakiza safari mbili. Kwa hiyo hata palipo na sheria, ndani ya dramu hukaguliwa na yule tu aliyeamua kuifungua.

Aliyenifundisha kuisikiliza breki ni mzee mmoja wa mtaa wa pili, Kalasinga wa Nairobi, aliyejifunza ufundi kwenye gereji za Grogan Road kabla barabara ile haijaitwa Kirinyaga. Alifika Uingereza Februari 1968, siku chache kabla ya bunge la hapa kuharakisha sheria ya kuwafungia mlango Waasia wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Alikuja na sanduku la spana. Alipokwenda kuomba kazi ya ufundi akaambiwa ujuzi wake hauna karatasi inayotambulika, akaishia kupanga sinia za chakula cha ndege kwa miaka mingi. Magari aliyatengeneza Jumapili, ya jamaa na majirani, baada ya kutoka gurdwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga. Kiswahili chake ni kile cha gereji za Nairobi, chenye amri fupi fupi, na akikitumia sauti yake huwa ya kijana.

"Sikiza," ananiambia, ameinamisha kilemba karibu na tairi. "Hii ya kulia inalia. Ya kushoto imenyamaza. Ukishika breki kwa nguvu, gari itakupeleka kwa mtaro."

"Lakini Mzee, si tumekaza sawa pande zote?"

"Mkono umekaza sawa. Lainingi haijakaa sawa. Toa."

Tunatoa. Lainingi mpya inagusa dramu katikati tu, pembeni haijafika. Ung'avu wake unaonyesha mahali ilipolamba chuma. Anachukua msasa, anaiparuza kwa mwendo mrefu wa polepole, anaipima, anairudisha. Unageuza skrubu kupitia tundu dogo mpaka gurudumu ligome kabisa, unakanyaga pedali ili shuu zijikalishe, unageuza tena, kisha unarudisha hatua moja. Magurudumu ya mbele yana skrubu mbili kila moja, ya nyuma moja moja. Baada ya hapo mnatoa upepo kwenye mafuta: mmoja anakanyaga, mwingine analegeza nipeli, na maneno ya kupokezana ni mawili tu, "shika… achia… shika." Masta silinda ya gari hili imefichwa ndani ya fremu, chini ya miguu ya dereva, na kuijaza ni kufunua zulia na kufungua kifuniko sakafuni. Mzee huwatolea maneno makali waliopanga hivyo, kila mara, kama vile wangali hai na wanamsikia.

Nimemwuliza iwapo bado anaumia kwa ile miaka ya sinia. Alijibu kwamba watoto walisoma, akauliza bisibisi iko wapi. Mimi ndiye ninayeumia kwa niaba yake. Babu zake walikuja Afrika wakati wa ujenzi wa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, kizazi cha mafundi waliogonga, kufua na kuchonga, na nusu ya magari ya Kenya ya wakati wake yalijua mikono ya watu kama yeye. Mji huu ulimpokea mtu aliyeweza kutofautisha lainingi iliyolowa mafuta na iliyoungua kwa harufu tu, ukampa kazi ambayo ingeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mikono miwili.

Na ni mji ambao tangu zamani umeishi kwa kusimamisha vyombo. Enzi za magari ya farasi, Hounslow ilikuwa kituo cha kwanza kutoka London kuelekea Bath na magharibi; farasi waliochoka walifunguliwa hapa na wengine kufungwa, na mji mzima ulikuwa mazizi na nyumba za wageni. Reli ya magharibi ilipoanza kupita kaskazini yake kuanzia 1838, kazi ile ikafa. Mwaka 1919 ndege za kwanza za kila siku kati ya London na Paris zilirukia uwanja wa Hounslow Heath. Mwaka 1925 mfalme akafungua Great West Road, na kandokando yake, upande wa Brentford, vikachipuka viwanda vilivyolisha magari: matairi ya Firestone, vipangusa vioo vya Trico, ambako mwaka 1976 wanawake waligoma majuma 21 wakadai mshahara sawa na wanaume, wakashinda. Jengo zuri la Firestone lilibomolewa mwishoni mwa juma la sikukuu, Agosti 1980, kabla amri ya kulihifadhi haijatiwa saini. Kila ninapopita pale najiuliza kwa nini watu huona haraka thamani ya kitu kinachokwenda, na cha kukizuia hukikumbuka kikishakosekana.

Hata kumbukumbu zetu za mbio za magari ziko hivyo. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mashindano ya Le Mans kule Ufaransa ikiwa na breki za diski za Dunlop, ufundi uliotoka kwenye ndege, na tangu siku ile wenye kujua walisema siku za dramu zinahesabika. Mwaka huo huo, Afrika Mashariki ikaanzisha mashindano yake kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia, yale yaliyokuja kuitwa Safari Rally, na Volkswagen ya Alan Dix inayohesabiwa mshindi wake wa kwanza ilikuwa na dramu magurudumu yote manne. Miaka kumi na miwili baadaye, 1965, Joginder Singh na mdogo wake Jaswant wakaibuka kidedea ndani ya Volvo PV544 iliyokwishatumika, nayo ya aina iliyotoka kiwandani na dramu tupu. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa fundi, naye mwenyewe fundi. Alishinda tena 1974 na 1976, watu wakamwita Simba. Alifariki hapa London mwaka 2013. Mzee wangu anapomtaja hasemi alikimbia vipi. Husema: yule alijua kutunza gari, alijua lini aguse breki na lini aiache gia ifanye kazi. Kwenye tope, vumbi na miteremko ya Bonde la Ufa, asiyejua hilo hakufika.

Maana dramu ina udhaifu wake, na ni lazima usemwe wazi. Ikipata moto hupanuka, na upanukaji wake ni wa kwenda nje, mbali na shuu zinazoifuata. Pedali inazama zaidi kila unapokanyaga. Lainingi nayo ikizidi joto hupoteza ukali wake. Ikishafika hapo, nguvu za mguu hazina msaada. Ikiingia maji kwenye mafuriko, hubaki imeloa kwa muda kwa kuwa haina pa kuyatoa haraka. Ndiyo maana diski ilishinda, na ilistahili.

Udhaifu wa pili ulikuwa mbaya kuliko huo, na uliwapata mafundi kuliko madereva. Kwa miongo mingi lainingi zilitengenezwa kwa asbesto, kwa kuwa haiungui. Kila kipande kilicholika kiligeuka vumbi, na dramu, kwa kuwa imefungwa, ililitunza vumbi lote mpaka siku ya kufunguliwa. Fundi aliifungua, akalipuliza kwa mdomo au kwa upepo wa kompresa, akalivuta. Ugonjwa wa utando wa mapafu unaotokana na asbesto huja baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, mtu akiwa ameshasahau ni gari la nani. Uingereza iliipiga marufuku asbesto nyeupe, iliyokuwa ya mwisho kubaki, mwaka 1999. Lakini shuu za zamani bado zimo magarini na kwenye masanduku ya spea yanayouzwa kama hazina. Mzee anapumua kwa shida siku za baridi na hataki kuzungumza habari hiyo. Mimi huilowesha dramu kabla ya chochote, naifuta kwa kitambaa chenye maji, nakifunga kitambaa kwenye mfuko kingali kibichi, barakoa iko usoni. Sitaki kuona mtu yeyote akipuliza vumbi la breki, hata kama lainingi ni mpya na kasha limeandikwa kuwa haina asbesto.

Wapenzi wa magari ya kale hapa Uingereza huizungumzia dramu kama kitu cha makumbusho. Nawaelewa, lakini mimi siwezi, kwa sababu kwetu dramu ndiyo iliyobeba nchi asubuhi ya leo. Malori mengi yanayoshuka mlima Kitonga kuelekea Morogoro yana dramu zinazosukumwa kwa upepo. Bajaji zina dramu. Pikipiki nyingi za bodaboda, zile zinazompeleka mama mjamzito zahanati na mtoto shule, zina dramu nyuma, na nyingine nyuma na mbele. Fundi wa Gerezani Dar es Salaam au wa soko la Kisekka Kampala anabandika lainingi mpya kwenye shuu kuukuu, anagonga ribiti moja baada ya nyingine, na hakuna anayeiita kazi hiyo urithi. Dereva aliyeweka nyutro kwenye mteremko wa Salgaa, kule Kenya, ili aokoe mafuta ameziachia shuu zake mzigo wote wa lori, na sheria ya kupanuka kwa chuma aliyoikuta Joginder ndiyo atakayoikuta yeye. Baadaye magazeti yataandika kwamba breki zilifeli, kana kwamba zilijiamulia zenyewe.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba dramu inarudi hata Ulaya. Volkswagen ilipotoa gari lake la umeme la ID.3 mwaka 2020 iliweka dramu magurudumu ya nyuma, kwa kuwa gari la umeme hupunguza mwendo kwa mota yake, na diski isiyotumika sana hushika kutu. Kanuni mpya za Umoja wa Ulaya, Euro 7, kwa mara ya kwanza zinawekea kikomo vumbi linalotoka kwenye breki, na bakuli lililofunikwa lina faida ya wazi katika hesabu hiyo. Vijana watakaohudumia magari hayo watahitaji kujifunza upya kilichojulikana Grogan Road mwaka 1960. Ningependa wajifunze wakiwa na barakoa, na ningependa anayewafundisha alipwe kama mwalimu.

Kwa ndugu zangu wanaoendesha bodaboda, ambao hawana muda wa kufungua dramu kila mara, kuna jambo moja linaloweza kufanywa bila spana. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye ule mkono wa breki, pale nje ya dramu ya nyuma, na alama iliyochongwa kando yake. Kanyaga breki mpaka mwisho, mwombe abiria au mwenzako kijiweni autazame mshale. Ukiwa umefika kwenye alama au umeipita, shuu zimekwisha, hata kama breki bado inashika, na kukaza nati ya nyuma hakutazirudisha. Zibadilishe siku hiyo hiyo, kabla hujapakia abiria mwingine.